Maji ya Ghorofa ya Nne

Kazi yangu ni kupatanisha vitu visivyopatana. Ndivyo ninavyomjibu mtu anayeniuliza injinia wa kubuni bidhaa hufanya nini siku nzima. Kiwanda chetu hutengeneza matoroli, viti vya chuma na rafu za maduka. Mteja anataka toroli jepesi, analitaka gumu, analitaka rahisi kutengeneza, na anataka limfikie kabla hajamaliza kuongea. Kila kimoja kinavuta upande wake. Chuma kikiwa chembamba toroli linakuwa jepesi, halafu linapinda. Kikiwa kinene linadumu, halafu anayelisukuma analalamikia mgongo. Mimi nakaa katikati na kompyuta yangu nikisikiliza kila upande, na jioni narudi nyumbani nimechoka kama chifu aliyeshinda barazani akiamua kesi za mashamba.

Wakitaka nieleze zaidi, huwa nawaambia habari ya blanketi. Tulipokuwa watoto, mimi na ndugu yangu mkubwa tulilala chini ya blanketi moja fupi. Kulikuwa na njia za kijinga za kujifunika nalo, limejikunja pembeni, wote wawili tukiumwa na baridi. Hizo unaweza kuzirekebisha na kila mtu akafaidika. Lakini ukishalinyoosha likaenea mpaka mwisho, sehemu yoyote unayojiongezea unamnyang'anya mwenzako. Basi kazi yetu ina hatua hizo mbili. Kwanza unaondoa ujinga, kisha mnaamua nani alale miguu nje. Kompyuta ni hodari kwa ile ya kwanza. Ya pili inabaki kwa watu, na mimi na ndugu yangu hatukuwahi kuimaliza.

Mapema mwaka huu mama yetu alianguka kwenye ngazi.

Anaishi mtaa wa Umoja jijini, ghorofa ya nne, katika jengo lililoanza kama nyumba ya chini tu. Mwenye nyumba aliongeza ghorofa, akapumzika, akapata nguvu, akaongeza nyingine, kila mara na mafundi wapya. Baba alipostaafu kiwandani walihamia hapo, na baba alipofariki mama akabaki. Chini kabisa kuna duka la unga, kinyozi na fundi cherehani, kwa hiyo habari ya kumhamishia chini haikuwepo, tuliuliza. Maji huja kwa mgao, alfajiri za siku chache katika wiki, na hayapandi. Nguvu yake huishia kwenye mfereji wa bomba ulio uani. Tangi liko juu ya paa, ila kazi yake ni kupendezesha jengo. Maji hupandishwa na watu, na mama, kama wanawake wengi waliolelewa kwetu magharibi, aliyapandisha kwa kichwa, mtungi wa lita ishirini, mikono ikiwa huru, akisalimia kila mlango njiani.

Siku hiyo alikanyaga maji yaliyomwagika pale ngazi zinapokata kona, ghorofa ya pili. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika, na hata plasta ilipotolewa hakikurudi kama zamani. Daktari alimwambia asibebe tena kitu kichwani wala asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto mchanga. Kutembea na kupanda ngazi, akasema, aendelee, tena ni dawa.

Tulikutana kwake Jumapili moja baada ya kanisa. Ndugu yangu alisafiri kutoka nyumbani kwetu magharibi, ambako ni mwalimu. Ni mtu mzuri, niseme hivyo mapema, kwa sababu katika habari hii nitamkasirikia mara kadhaa. Alikuwa amechimba kisima bomani, akaweka pampu, akavuta bomba hadi kando ya jiko la mama la huko. Alilieleza bomba hilo kwa furaha ya mtu aliyekuja na zawadi.

"Mama, mfereji uko mlangoni. Unanyoosha mkono tu."

Akasema mama hawezi kuendelea kuishi mahali ambapo hawezi kujitekea maji. Wachukuzi wapo, ndiyo, lakini alfajiri ya mgao kila mlango unawataka kwa wakati mmoja, na siku asipotokea mtu mama atajaribu mwenyewe. Hapo alikuwa na haki. Shule zikifungwa Agosti angekuja na pikapu, ampakie mama na vyombo vyake, ampeleke nyumbani. Akamtazama mama, na mama akasema, "Nimesikia."

Ndugu yangu alifikiri amekubali. Mimi nilikaa na mama miaka mingi kuliko yeye, na ninajua kwamba kwake kusikia na kukubali ni vitu viwili. Ndugu yangu alipoteremka nilibaki nikiosha vikombe.

"Sitaki kwenda," alisema.

"Huendi," nikamwambia. Nilisema hivyo kabla sijajua nitafanya nini, na nikishasema kitu siwezi kukirudisha. Ni ugonjwa wa nyumba yetu nzima.

*

Toroli la kupanda ngazi si uvumbuzi wangu. Kila upande unaweka magurudumu matatu madogo, umeyafunga kwenye chuma chenye pembe tatu. Magurudumu mawili yanatembea chini, la tatu liko hewani. Toroli likigonga ngazi, ile pembetatu inapinduka na gurudumu la juu linatua kwenye ngazi inayofuata. Anayevuta hanyanyui mzigo wote. Anavuta na mzigo unajikokota wenyewe, ngazi moja baada ya nyingine. Hilo nililijua. Nisilolijua ni toroli la namna gani lingemfaa mwanamke mmoja mwenye mkono mbovu kwenye jengo moja la Umoja.

Kiwandani, mteja akishindwa kusema anataka nini, tunampa alama azigawe. Weka nyingi kwenye unachokijali zaidi, chache kwenye usichokijali, kisha kompyuta itafute umbo linalozifuata. Mama si mtu wa alama. Nilipanga vikombe vitano mezani na kila kimoja nikakipa kazi: wepesi, kubeba maji mengi, kutopiga kelele, kudumu, na kukata kona. Nikammiminia maharagwe mkononi.

"Mama, weka mengi pale unapoona pana umuhimu zaidi."

Alivitazama vikombe. Akaanza kudondosha, moja hapa, moja pale, akizunguka meza, akarudi kikombe cha kwanza, akazunguka tena. Alipomaliza vilikuwa sawasawa. Lilibaki haragwe moja mkononi, akalirudisha mkebeni.

"Mbona umevilinganisha?"

"Nimpendelee nani?"

Nilipaswa kujua. Huyu ni mtu aliyegawa nyama ya Krismasi miaka yote bila mtoto yeyote kujua kama anapendwa kuliko mwingine. Kitu kikishawekwa kwenye sahani mezani pake kimekuwa mtoto wake. Nilicheka, nikalichukua jibu kama lilivyo, nikaliingiza kwenye kompyuta wakati wa chakula cha mchana. Halafu nikapima ngazi zake. Kwa sababu kila ghorofa ilijengwa na mafundi wake, ngazi za chini ni fupi, za katikati hazina msimamo, na za juu ni ndefu kama za kupandia mnara. Nikachukua wastani, nikachora pembetatu ya wastani, na michoro mkononi nikaenda soko la Gikomba.

Fundi wangu wa Gikomba alitoka Ukambani akiwa mchonga vinyago, akaona mikokoteni ina wateja wengi, akahamia kwenye chuma. Hutengeneza mikokoteni inayobeba marobota ya mitumba, na ameizoea mizigo ya aina hiyo. Magurudumu tuliyatoa kwenye vigari vya watoto vya mitumba. Alipoona michoro yangu alikunja uso.

"Madam, hii chuma ni ya kutengeneza kitanda ya paka. Nani atatumia?"

"Mama yangu."

"Mama mzazi?"

"Mama mzazi."

"Basi tuache mchezo. Tuweke ngumu."

"Fuata mchoro."

"Sawa," akasema, na ile "sawa" yake ilikuwa ndugu ya "nimesikia" ya mama. Nilipokuja kulichukua, toroli lilikuwa na vyuma viwili vya ziada chini na kimoja mgongoni, vimechomelewa vizuri na kupakwa rangi. Nilipouliza aliniambia hawezi kumpelekea mama ya mtu kitu ya kuyumbayumba, watu watamwonaje. Nilitaka kubishana lakini lilishakauka rangi, nami nilikuwa na haraka ya kumwonyesha mama. Nikalipeleka.

Mama alilipapasa. "Ni zuri sana. Mungu akubariki." Aliliweka kando ya dirisha, mahali pa heshima, na mimi nikarudi kwangu nikitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Jumamosi moja nilipita bila kumwarifu. Toroli lilikuwa pale pale kando ya dirisha. Sweta lilikuwa limetandazwa juu ya mpini, na kitambaa chake cha kanisani kikining'inia kwenye zile pembetatu.

"Mama, hili linafanya kazi?"

"Linafanya."

"Kazi gani?"

"Si unaona nguo zinakauka?"

Maji alikuwa anayapandisha kwa sufuria, kidogo kidogo, kwa mkono wa kushoto. Alinieleza hivyo akitazama pembeni. Nilikasirika mpaka chai ikapoa mbele yangu. Nilimkasirikia yeye kwa kunificha, nikamkasirikia fundi kwa vyuma vyake vya heshima, na chini ya hasira hiyo nilikuwa naogopa sana. Kama ndugu yangu angeingia mlangoni wakati ule, angeanza kufunga mizigo, na nisingekuwa na neno la kumwambia.

Nilimuuliza lina kasoro gani. Akasema halina kasoro. Nikaliteremsha mwenyewe hadi uani, nikatia mtungi, nikalivuta, na kufikia ghorofa ya pili nilikuwa na majibu yangu yote. Kwenye ngazi fupi pembetatu ilipiga kando na kuruka. Kwenye ngazi ndefu haikufika, ikabidi ninyanyue. Kwenye kona lilipita kwa kukwaruza ukuta. Lilipiga kelele kiasi, lilibeba maji kiasi, lilikuwa zito kiasi. Nilikuwa nimekipa kila kikombe maharagwe yake sawasawa, na kila kikombe kilikuwa na njaa.

*

Nikaanza upya, na safari hii sikumuuliza anapenda nini. Nilimuuliza anakataa nini.

Mtu asiyeweza kupendelea anaweza kuwa bingwa wa kukataa, na mama ndiye bingwa wao. Amewahi kumkatalia mchungaji rangi ya mapazia ya kanisa mbele ya kusanyiko. Nilimletea magurudumu ya namna namna na mitungi ya kila ukubwa, nikavifunga kwa kamba kwenye fremu ya majaribio, Jumapili baada ya Jumapili, yeye akivuta na mimi nikimfuata nyuma kwa futi na mizani ya springi niliyoiazima kiwandani. Nilikuwa nasoma ni nguvu kiasi gani inafika mkononi mwake kila ngazi. Majirani walifungua milango kutazama. Sikujali.

Magurudumu ya plastiki ngumu aliyakataa baada ya ngazi chache tu.

"Hapana. Huyu wa ghorofa ya tatu ni nesi wa zamu ya usiku. Saa ya maji ndiyo saa yake ya kulala."

"Lakini ni mepesi sana, mama. Kelele kidogo tu."

"Hapana."

Haikuwa hapana ya kupimwa dhidi ya kitu kingine. Hata ningempa toroli lenye uzito wa kikapu, hapana hiyo ingebaki. Kwa hiyo nikakitoa kikombe cha kelele mezani. Hakikuwa lengo, kilikuwa sharti, mlango ambao usipoupita huingii. Kona nayo ilikuwa hivyo hivyo, toroli linapita au halipiti. Zile pembetatu nikaacha kuzipima kwa wastani. Nikazichora zitoshe ngazi ndefu kuliko zote, hata kama zingekuwa kubwa mno kwa ngazi za chini, kwa kuwa kwenye ngazi fupi linayumba tu, na kwenye ngazi ndefu linamwangusha mtu.

Nikamuuliza habari ya kudumu. Chuma chembamba kingehitaji kukazwa na kuchomelewa mara kwa mara.

"Likiharibika si utakuja?"

"Nitakuja."

"Basi."

Niliandika kwamba kudumu si jambo kubwa kwake, nikaendelea. Kama ningesimama hapo kidogo nisikie alichosema, ningepunguza kazi ya wiki kadhaa.

Kati ya vikombe vitano nilibaki na viwili vinavyovutana: uzito wa kila safari, na idadi ya safari. Mtungi mkubwa, unashuka mara moja na kuumia. Mtungi mdogo, mkono unapona, unashuka asubuhi nzima. Nilikaa na programu ofisini chakula cha mchana baada ya chakula cha mchana, mpaka wenzangu wakaacha kuniuliza kama nakula. Kompyuta ilitupa yale ya kijinga, matoroli mazito yasiyobeba zaidi, na ikabakiza mstari mmoja, nukta baada ya nukta, kila nukta toroli zima ambalo lingeweza kutengenezwa. Hakuna hata moja lililoshinda jingine kwa kila kitu. Hilo ndilo blanketi limenyooshwa.

Mstari huo ulikuwa na goti, mahali unapopinda ghafla. Hadi pale, ungeweza kuongeza maji na mkono wa mama usihisi sana. Ukilipita, kila lita iliruka moja kwa moja kwenye kifundo chake. Injinia yeyote angesimama kwenye goti. Lilikuwa toroli la karibu lita kumi na tano, safari chache, mkono ukiwa salama. Nililipenda. Nililichora kwenye kadibodi kwa ukubwa wake halisi, na kando yake nikachora mengine mawili, kubwa na dogo, ili aone nimempa nafasi ya kuchagua.

Akaweka kidole kwenye dogo.

"Hilo ni la lita kumi tu, mama. Utashuka mara nyingi."

"Ndiyo."

"Mara nyingi sana. Hili la katikati mkono hauumii, na safari zinapungua theluthi nzima. Nimelipima."

"Nimesikia." Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aanguke, akaendelea baada ya neno hilo. "Nikimaliza maji kwa safari moja, siku nzima nitakaa na nani humu ndani?"

Akaanza kuwahesabu kwa vidole.

"Yule wa ghorofa ya kwanza hunipa habari za kwao. Wa pili ana mtoto mchanga, namshikia anapowasha jiko. Nesi nikimkuta mlangoni ananitazama mkono. Pale mferejini ndipo tunapopanga ya kanisa. Wewe unataka nishuke mara moja kama ninakimbizwa."

Nilikaa kwenye kochi na kadibodi zangu. Tangu mwanzo, kwenye kila hesabu, niliziandika safari za mama kama hasara. Kompyuta ilikuwa imezipunguza kwa uaminifu mkubwa kwa sababu mimi ndiye niliyeiamuru. Nilikuwa nikitumia mchana wangu kutafuta namna ya kumfungia mama ndani, taratibu, kwa ustadi. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na nadhani nilifanya yote mawili, maana alinisogezea chai.

Lakini sikumwachia kila kitu. Yeye alitaka mpini mrefu wa kushika kwa mikono miwili, na hapo mimi ndiye niliyesema hapana. Mizani ilikuwa imenionyesha kwamba kila pembetatu inapopinduka, mshtuko unakwenda moja kwa moja kwenye kifundo, hata kwa lita kumi, na mkono wake mzuri lazima ubaki kwenye ukuta. Nilitaka kitanzi kipana kinachopita kwenye mkono karibu na kiwiko, kiganja kisishike chochote.

"Kama punda," akasema.

"Kama mkoba."

"Mkoba gani wa chuma?"

Tulivutana wiki mbili. Sikulegeza. Mwishowe niliteremka kwa fundi cherehani wa chini, akakishonea kitanzi ala ya kitenge chenye sifongo ndani, kitenge kile kile cha gauni lake la Jumapili. Mama alikipitisha mkononi, akasimama mbele ya kioo kando ya mlango, akageuka upande, akageuka tena. "Sawa," akasema, na safari hii ilikuwa sawa ya kweli.

Gikomba nilikwenda na stuli yangu. Nilimwambia fundi nitakaa hapo mpaka amalize, na kila chuma atakachochomelea kitapita mbele ya macho yangu.

"Madam, huniamini?"

"Nakuamini. Siamini heshima yako."

Alicheka, akavaa miwani yake ya kuchomelea. Mara mbili nilimwona mkono ukielekea kwenye rundo la vyuma vinene, nikakohoa, mkono ukarudi.

*

Agosti ndugu yangu akafika na pikapu, dereva, na maboksi matupu yamekunjwa nyuma. Alilala kwangu. Nilimweleza kwamba mama anajitekea maji. Akanisikiliza kwa upole ule wa walimu, akasema tutaona.

Kulipokucha ilikuwa siku ya maji. Tulimkuta mama amevaa sweta na ndara, kitanzi cha kitenge mkononi, toroli nyuma yake na mtungi mtupu juu yake. Alimsalimia mwanawe kwa mikono yote miwili, akamuuliza kuhusu watoto, kuhusu ng'ombe, kuhusu barabara, kisha akasema chai iko kwenye chupa, yeye anashuka.

"Mama, wacha nishuke mimi."

"Kaa," nilimwambia ndugu yangu. "Ulisema hawezi. Kaa uone."

Tukakaa. Maboksi aliyaegemeza ukutani. Tuliisikia sauti ya mpira laini ikishuka ngazi hadi ikapotea. Tukanywa chai. Tukamaliza. Ndugu yangu alitazama saa yake, akatazama mlango.

"Amechelewa."

"Hajachelewa."

"Muda wote huu kwa mtungi mmoja? Huko nyumbani angekuwa ameoga, amepika, amemaliza."

Alisimama. Nami nikasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu enzi za lile blanketi nilimzuia ndugu yangu kwa mwili. "Ukishuka kumsaidia umemhamisha," nikasema. "Mwache." Alinitazama kama atanisukuma. Kisha akapita kando yangu taratibu, akaenda tu mpaka kwenye kingo za ngazi, akainama kusikiliza.

Toroli lilikuwa linapanda. Tuligusa chuma cha kingo tukauhisi mtikisiko mdogo kila ngazi, kisha kimya. Sauti ya mwanamke, sauti ya mama, kicheko. Likaanza tena, likasimama. Mtoto mchanga akalia, akanyamaza. Likaanza tena. Ghorofa ya tatu mlango ulifunguka, na tulimsikia nesi akisema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kazini, "Hebu nione huo mkono, Mama." Mimi nilikuwa nahesabu kona. Lilipita zote bila kugusa ukuta.

Mama akatokeza kwenye ngazi ndefu za mwisho, mkono wa kushoto ukutani, wa kulia umeshuka kando, kiganja kikiwa wazi. Pembetatu zilipinduka moja baada ya nyingine na toroli likafika juu nyuma yake. Hakuwa anahema kuliko mimi.

Ndugu yangu alinyanyua mtungi, akautikisa.

"Umejaa nusu. Linamwaga."

"Halimwagi," mama akasema. "Yule mwenye mtoto hakuwa na ya kuogesha."

Alimimina yaliyobaki kwenye pipa, akaurudisha mtungi kwenye toroli, akarekebisha kitanzi mkononi. Alikuwa anashuka tena.

"Mama," ndugu yangu akasema, na sauti yake haikuwa ya kikao tena, ilikuwa ya mtoto. "Nyumbani mfereji uko mlangoni. Hutatoka hata nje."

Mama alimshika shavu kwa kile kiganja kibovu.

"Ndiyo shida yake, baba."

Akashuka. Ndugu yangu alimfuata kwa macho hadi kwenye kona. Halafu aliingia ndani, akayachukua maboksi, na nikafikiri anaanza kufunga vyombo. Lakini aliyabana chini ya kwapa, akaupata mtungi mwingine jikoni, akamfuata mama. Nilimsikia ghorofa ya pili akiuliza kama kuna mtu anayehitaji maboksi.

Nilikaa kwenye kiti cha mama. Vikombe vitatu vya chai vilikuwa mezani, viwili vitupu na cha mama ambacho hakuwa amekigusa. Nilikifunika kwa sahani kisipoe, maana kwa jinsi nilivyoisikia ile ngazi, angechelewa.